Nyumba ya Tarantula

Wahenga wetu walisema ya kwamba nyumba njema si mlango. Maana yake, usiisifu nyumba kwa kuutazama mlango wake tu, bali ingia ndani ukaone. Methali hiyo ni ya kweli kwa nyumba za watu. Walakini iko nyumba moja duniani ambayo wema wake karibu wote umo mlangoni, nayo ni kile kisanduku anamokaa tarantula, yule buibui mkubwa mwenye manyoya, afugwaye majumbani huko Ulaya na Marekani, na siku hizi katika nchi nyingine nyingi. Kisanduku hicho hata kikiwa kizuri namna gani, kama kifuniko chake ni kibovu, si nyumba tena bali ni mtego: mtego kwa mwenye kukifungua, mtego kwa buibui mwenyewe, na pengine mtego kwa nchi nzima.

Labda, msomaji, utacheka na kuuliza: Ni mtu gani mwenye akili zake awezaye kumfuga buibui? Kuku hutaga mayai, paka hukamata panya, mbwa hulinda mlango. Buibui ana faida gani? Jibu ni kwamba wafugao tarantula hawatafuti faida ya namna hiyo. Wao hupenda kumtazama na kujifunza tabia zake. Na habari ya jinsi mwanadamu alivyoanza kwa kumwogopa mnyama huyu, hata mwisho akamjengea nyumba, ni historia yenye mafunzo. Kwa kuwa ndani yake mna hofu, mna ujinga, mna ukaidi wa wenye elimu, na wamo watu wachache waliokubali kuumia ili waijue kweli. Basi na tuianze historia hiyo pale jina lenyewe lilipozaliwa.

Kusini mwa Italia, kando ya bahari, uko mji uitwao Taranto. Katika mashamba ya pande zile huishi buibui mmoja mwindaji, akaaye shimoni wala hatandi utando wa kunasia wadudu. Watu wakamwita tarantula kwa jina la mji huo. Tangu zamani za kati za Ulaya wakulima wa huko walisadiki ya kwamba mtu akiumwa na buibui huyo wakati wa mavuno hushikwa na maradhi ya ajabu: mara hulia, mara hucheka, mara huanguka chini kama mfu, wala hapana dawa ila ngoma. Basi waliitwa wapiga zeze na matari, na mgonjwa akacheza saa nyingi, pengine siku kadha wa kadha, mpaka akachoka kabisa, na hapo ndipo aliposemwa kuwa amepona. Mwaka 1641 padre mmoja msomi, Athanasius Kircher, alichapisha hata noti za muziki wa tiba hiyo.

Imani hiyo ilidumu kwa muda mrefu sana. Katika mwaka 1959 mtaalamu wa mila, Ernesto de Martino, alipokwenda pande za Salento kuchunguza jambo hilo, alikuta wangali wako watu, aghalabu wanawake maskini wa mashambani, waliocheza ngoma hizo majumbani mwao na kwenda mjini Galatina katika kanisa la Mtakatifu Paulo kuomba waponywe. Kitabu chake kilitoka mwaka 1961, nacho chaonyesha ya kuwa maradhi yale yalitokana zaidi na dhiki na majonzi ya maisha kuliko sumu ya mdudu. Msomaji wa pwani yetu, aliyepata kusikia habari za ngoma za pepo, hatastaajabu sana. Moyo ukielemewa na mzigo usioweza kutajwa kwa maneno, hutafuta njia ya kuutua.

Leo twajua ya kwamba buibui wa Taranto hakustahili lawama hiyo. Kuumwa naye ni jambo dogo. Kama wako wakulima waliopata maumivu makali ya sumu, yamkini waliumwa na buibui mwingine, mdogo, mweusi, mwenye madoadoa mekundu, akaaye katika mashamba yayo hayo. Lakini yule mdogo hakuonekana, na yule mkubwa alionekana. Basi mkubwa akabebeshwa makosa ya mdogo. Jambo hili ulitie akilini, msomaji, maana halikutokea kwa buibui peke yao.

Kisha jina likasafiri. Wazungu walipovuka bahari na kufika Amerika, walikuta buibui wakubwa kuliko wote waliopata kuwaona, wengine wakienea kiganja cha mtu mzima. Hawakuwa na jina la kuwaita, ila walikuwa na jina moja la hofu walilotoka nalo kwao, nalo ni tarantula. Wakawatwika hao wageni jina hilo, ijapokuwa si ndugu wa karibu wa yule wa Taranto. Hivyo jina lilihama, na hofu ikahama pamoja nalo.

Mtu wa kwanza wa Ulaya aliyewaonyesha wenzake mnyama huyo kwa picha iliyopata sifa kubwa alikuwa mwanamke. Jina lake Maria Sibylla Merian, mzaliwa wa Frankfurt mwaka 1647. Tangu ujana wake alikuwa akiwafuga viwavi ili aone kwa macho yake jinsi wanavyogeuka kuwa vipepeo, na kila alichokiona alikichora. Mwaka 1699, akiwa na umri wa miaka 52, alipanda merikebu pamoja na binti yake Dorothea, wakaenda Surinam, Amerika ya Kusini. Wakati ule safari ya namna hiyo ilikuwa kubwa kwa mwanamume mwenye nguvu, sembuse mama na bintiye. Alikaa huko mpaka mwaka 1701, ugonjwa ulipomlazimisha kurudi, na mwaka 1705 akatoa kitabu chake mjini Amsterdam. Katika picha moja alichora tawi la mpera, na juu ya tawi hilo buibui mkubwa mwenye manyoya amemwangusha ndege mdogo kama chozi na kumla.

Picha hiyo iliwashangaza watu. Mwaka 1758 mtaalamu wa Uswidi, Carl Linnaeus, alipompa buibui huyo jina la kisayansi, alimwita avicularia, jina litokanalo na neno la Kilatini lenye maana ya ndege mdogo. Lakini baadaye wakatokea wataalamu waliomdhihaki Merian. Walisema: Buibui kula ndege? Hizo ni hadithi za wanawake. Wengi wa waliosema hivyo hawakuwa wamemwona mnyama huyo akiwinda. Walikaa na vitabu vyao, na kwa vitabu hivyo wakamhukumu mtu aliyevuka bahari kwenda kutazama.

Kweli ilikuja kudhihirika kwa mkono wa Mwingereza mmoja, Henry Walter Bates, aliyekwenda katika bonde la mto Amazon mwaka 1848 akakaa huko miaka 11 akikusanya wadudu. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1863 aeleza jinsi alivyomkuta buibui mkubwa penye ufa wa mti, na hapo ndege wawili wadogo wamenaswa, mmoja amekwisha kufa na wa pili yu chini ya buibui karibu na kufa. Basi Merian hakusema uwongo. Hata hivyo twajua sasa ya kuwa tarantula hula wadudu zaidi, na ndege ni bahati ya siku moja.

Bates huyo huyo atusimulia mambo mawili mengine, nayo ndiyo chanzo cha habari yetu ya nyumba. La kwanza, tarantula wa kwanza aliyemuua na kumkausha alimshika bila hadhari. Vinyoya vya mgongoni vikamwingia mikononi, akapata mateso makali ya mwasho kwa muda wa siku tatu. La pili, siku moja aliwaona watoto wa jamaa moja ya wenyeji wa Amazon, waliokuwa wakimkusanyia wadudu, wamemfunga tarantula kamba kiunoni, nao wakimtembeza nyumbani mwao kama mtu amtembezavyo mbwa wake.

Tafakari picha hizo mbili. Mtaalamu aliyetoka mbali yuajikuna siku tatu. Watoto wa nyumbani wacheza na mnyama yule yule, wala hatusikii ya kuwa walidhurika. Watoto wale walimzoea mnyama wao. Mtaalamu alikuwa bado hajamjua. Ila hata wao walikosa jambo moja. Kamba si nyumba. Tumbo la tarantula ni laini kama tunda lililoiva, na kamba yaweza kulipasua. Walijilinda wao, lakini yeye hawakumlinda. Ilibaki atokee mtu wa kuuliza: Mnyama huyu ahitaji nini ili akae salama, na sisi tukae salama?

Mmoja wa waliolijibu swali hilo kwa saburi kubwa alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Arkansas, Marekani, William J. Baerg. Huyu hakupenda kuamini jambo la sumu kwa kusikia. Mwaka 1922 alimwacha buibui mweusi wa Marekani, mwenye sumu kali, amwume kidoleni, akateseka hata akalazwa hospitalini. Kisha akaandika yote aliyoyapata. Akawajaribu na tarantula vivyo hivyo. Akagundua ya kuwa kuumwa na tarantula wa Arkansas hakuzidi sana kuchomwa na pini. Aliwafuga katika maabara yake miaka mingi, akawatazama wakila, wakijivua gamba, wakizeeka. Akaona ya kwamba dume huchukua yapata miaka 10 kufikia utu uzima, na jike aweza kuishi zaidi ya miaka 20. Kitabu chake juu ya tarantula kilitoka mwaka 1958.

Pima maana ya miaka hiyo, msomaji. Kijana akimpata jike la tarantula akiwa kidato cha kwanza, huenda akawa naye bado atakapokuwa amekwisha kuoa na kupeleka watoto wake shuleni. Mfugo wa namna hiyo si mchezo wa likizo moja, ni ahadi. Na ahadi hiyo huanza na kisanduku.

Hebu tukitazame kisanduku hicho, maana kila sehemu yake imefunzwa na msiba fulani. Huwa cha kioo au cha plastiki ngumu iangazayo. Kwa wale wakaao ardhini hakifai kuwa kirefu kwenda juu. Kanuni ya wafugaji ni kwamba kutoka udongo hata kifuniko pasizidi mara moja na nusu ya upana wa buibui akinyosha miguu yake. Kwa nini? Kwa sababu tarantula aweza kupanda kioo, lakini ni mzito, tena huteleza. Miguu yake hunyoka kwa nguvu ya maji ya mwilini, si kwa misuli peke yake. Basi akianguka tumbo likapasuka, maji hutoka, miguu hujikunja, naye hufa. Urefu usiomtisha mtoto wa paka waweza kumwua yeye.

Ndani hutiwa udongo mkavu au makumbi ya nazi yaliyosagwa, ya kutosha kuchimbika, kwa kuwa mnyama huyu hupenda shimo kama mtu apendavyo chumba chake. Huwekwa kifuu cha nazi kilichopasuliwa au kipande cha gome ili ajifiche, na kisahani cha maji kisicho na kina. Chakula chake ni nyenje, mende na panzi; wala hahitaji kula kila siku, na mkubwa aweza kufunga miezi asidhurike. Dawa ya kupulizia mbu na mende isitumiwe kabisa katika chumba hicho, kwani dawa haichagui kati ya mende na buibui.

Sasa tufike kwenye kifuniko. Watu wa kwanza walifunika visanduku vyao kwa wavu wa waya. Wavu huo wapitisha hewa vizuri, lakini tarantula ana kucha ndogo mwishoni mwa miguu. Akipanda juu, kucha hunaswa katika matundu ya waya, naye akijivuta mguu hukatika au huanguka chini. Ndipo wafugaji wakajifunza kutumia kifuniko kigumu chenye vitundu vidogo vilivyotobolewa. Ukubwa wa vitundu nao una hesabu yake. Tumbo la buibui laweza kubonyea, lakini gamba gumu la kifuani mwake halibonyei. Basi pasipopita gamba hilo hapiti yeye, na panapopita hilo, yeye wote atapita. Tena kifuniko lazima kiwe na komeo au kufuli. Tarantula ana nguvu kuliko umdhaniavyo. Usiku, wakati watu wamelala, husukuma kwa miguu kila pembe ya nyumba yake, na kifuniko kilichowekwa juu tu bila kukomewa akakiinua.

Akitoka, nani yumo hatarini? Wengi husema upesi: watu. Hakika si tarantula wote walio wapole. Wale wa Amerika aghalabu wana sumu hafifu, lakini wengi wao wana vile vinyoya vilivyomtesa Bates. Wale wa Afrika na Asia hawana vinyoya hivyo, bali ni wepesi wa hasira na sumu yao yaweza kuleta maumivu makali na kukakamaa kwa misuli. Hata hivyo hapana kifo cha mtu kilichothibitishwa kuwa kilitokana na sumu ya tarantula. Buibui aliyetoroka ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi: atakanyagwa, atabanwa na mlango, atapigwa kwa kiatu na jirani aliyeshtuka, au atakauka chini ya kabati kwa kukosa maji. Hofu ya Taranto bado iko katika mikono ya watu, na mkono wenye hofu haungoji maelezo.

Walakini msidhani kwamba mfugaji aweza kuzembea. Mwaka 2009, huko Uingereza, kijana mmoja wa miaka 29 aliwaendea madaktari wa macho mjini Leeds, jicho lake likiwa jekundu na lenye kutoa machozi kwa muda wa majuma matatu. Madaktari walipotazama kwa vyombo vyao, waliona vinyoya vyembamba mno vimechoma katika utando angavu wa mbele ya jicho. Walipomwuliza ndipo alipokumbuka: alikuwa akisafisha kisanduku cha tarantula wake, akisugua doa lililokuwa gumu kutoka; aliposikia buibui ametikisika nyuma yake akageuka, na papo hapo akarushiwa vinyoya usoni. Vilikuwa vidogo hata haikuwezekana kuving'oa, ikabidi atibiwe kwa dawa ya matone. Madaktari waliliandika jambo hilo katika jarida la tiba The Lancet ili wengine waonywe. Shauri walilotoa ni jepesi: afunguaye kisanduku cha namna hiyo avae miwani ya kukinga macho.

Mfugaji mwenye busara huongeza mengine. Hamshiki buibui wake kwa mkono, bali humwelekeza kwa brashi laini ndani ya bilauri, kisha huziba bilauri kwa kadi. Hukifungua kisanduku ndani ya beseni kubwa ili akiruka asifike mbali. Hapulizi kwa pumzi yake. Hunawa mikono kabla ya kugusa macho. Na zaidi ya yote, hujua wakati wa kutofungua kabisa. Tarantula anapojivua gamba hulala chali, miguu juu, kama aliyekufa. Mara ngapi mtu asiyejua amemgeuza kwa huruma, au amemtupa jaani, kumbe alikuwa akizaliwa upya! Wakati huo ngozi yake ni laini, na meno yake hayajakaza. Hata nyenje aliyeachwa ndani aweza kumjeruhi mwindaji wake. Basi afunikwe, aachwe, na asipewe chakula mpaka siku kadha zipite na meno yakaze.

Nilisema mwanzoni ya kuwa kifuniko kibovu chaweza kuwa mtego kwa nchi nzima. Labda ulidhani natia chumvi. Sikiliza. Mwaka 1996, katika mashamba ya machungwa ya wilaya ya St. Lucie, jimbo la Florida, Marekani, walionekana tarantula weusi wenye manyoya mekundu tumboni. Asili yao ni Mexico na Amerika ya Kati. Hapo Florida hawakuwa wa kwao. Walikuwa wamechimba mashimo na kuzaa, na yaaminika kwamba wa kwanza wao walitoroka au waliachiliwa na watu waliohusika na wanyama wa kufugwa. Jike moja hutaga mayai kwa mamia. Mlango mmoja uliachwa wazi, na nchi ikapata mkazi mpya asiyealikwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nao wa Florida hata ukuta wa kuujenga hawakuupata.

Tena kuna ufa wa upande wa pili. Tamaa ya kuwafuga ilipoenea Ulaya na Marekani, wafanyabiashara waliwachimbua tarantula mashimoni mwao kwa wingi, hasa yule mzuri wa Mexico mwenye magoti mekundu. Kwa kuwa hukua polepole sana, shimo lililochimbwa leo halipati mwenyewe mwingine upesi. Mwaka 1985 ilibidi buibui huyo aingizwe katika orodha ya mkataba wa mataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Hivi ndivyo ilivyogeuka historia yetu: mnyama aliyeogopwa kwamba ataua watu, sasa alindwa asimalizwe na watu wampendao.

Na sisi wa Kenya tusiisome habari hii kama ya mbali. Katika nchi yetu na Tanzania huishi tarantula mmoja mkubwa, wa rangi ya kahawia iliyokolea, mwenye miguu minene ya nyuma kama aliyevaa viatu vya mvua, achimbaye shimo refu ardhini. Akichokozwa husugua miguu yake ikatoa sauti kama ya nyoka afukutaye. Mtaalamu Ferdinand Karsch alimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1885. Yuko mwingine wa rangi ya machungwa, apatikanaye hasa pande za Usambara, mwepesi kama cheche. Wote wawili wanajulikana vizuri na wafugaji wa nchi za mbali, na pengine wanajulikana zaidi huko kuliko kwetu.

Mwaka 2025 mahakama moja jijini Nairobi iliwatoza faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, watu wanne, wakiwemo vijana wawili wa Ubelgiji, kwa kosa la kukutwa na chungu wa nchi hii bila ruhusa. Vijana hao wawili walikuwa na wadudu wapatao 5,000, wametiwa katika vichupa vyenye pamba, tayari kupelekwa kwa wafugaji wa ng'ambo. Watu wengi walicheka waliposikia kesi ya chungu. Lakini sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka 2013 haikuwaangalia tembo na vifaru peke yao, na hakimu hakucheka. Kichupa kile kilikuwa nyumba salama kwa msafirishaji tu. Kwa mdudu kilikuwa gereza, na kwa nchi kilikuwa wizi.

Basi, msomaji kijana, ukimkuta buibui mkubwa chumbani mwako, usikimbilie kiatu, wala usikimbilie kisanduku. Twaa bilauri, umfunike pole pole. Pitisha kadi ngumu chini yake. Mpeleke nje mbali na mlango, ukamwachilie penye majani. Kumfuga mnyama wa mwituni wa nchi hii kwataka ruhusa ya serikali, na asiye na ruhusa amwache mahali pake. Na kama siku moja, hapa au ng'ambo, utakabidhiwa tarantula aliyezalishwa na wafugaji na kupatikana kwa njia ya halali, kumbuka historia hii kabla hujalitazama umbo lake la ajabu.

Kumbuka wakulima wa Taranto waliomtwika makosa yasiyo yake. Kumbuka Merian aliyeitwa mwongo kwa kusema alichokiona, na Bates aliyejikuna siku tatu, na Baerg aliyetoa kidole chake kiumwe. Hao wote walilipa gharama ili sisi tujue ya kuwa mnyama huyu si shetani wala si mchezo. Ni kiumbe dhaifu mwenye silaha ndogo, ambaye uhai wake wa miaka 20 waweza kukatishwa na anguko la kimo cha meza. Elimu yote hiyo imekuja kutua mahali padogo: katika komeo la kifuniko. Kabla ya kulala, likague. Kisha lala, nawe uko salama, na yeye yuko salama, na jirani yako hatakuwa na sababu ya kuinua kiatu.